Kumfuta Jasho Mwamba

Habari hii haina nia mbaya, na mwenye cheo anayeona inamgusa ni vizuri asogee pembeni kidogo ipite. Ilitokea katika nchi isiyotajwa jina, maana ni nchi ya aina ile ambayo ukiitaja inakuja. Jua la huko, ukianika dagaa, hujamaliza kuwatandaza wa mwisho, wa kwanza wamekwisha kukauka. Mtawala wake aliitwa Mwamba wa Taifa. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limesahauliwa, na waliolikumbuka walisaidiwa na polisi kulisahau.

Siku moja Mwamba aliumwa jino. Hospitali zote za nchi alizifungua yeye mwenyewe kwa mkasi wake, kwa hiyo alizijua vizuri. Akapanda ndege akaenda kutibiwa ng'ambo, nchi ya baridi. Huko akakuta sherehe. Watu wa kule walikuwa wamekata mto wao ulioganda wakajenga nao majumba, madaraja, ndege wenye shingo ndefu na farasi anayeruka, vyote vya barafu, na ndani yake zinawaka taa za rangi. Mwamba alisimama mbele ya farasi mdomo wazi, maana ganzi ya jino ilikuwa haijamtoka.

"Huyu farasi ana cheo gani?" aliuliza.

Akaambiwa hana cheo. Ni farasi tu.

Jambo hilo lilimchoma. Farasi asiye na cheo asimamishwe kwa barafu, na yeye aliyejipa vyeo mpaka vikakosa pa kubandikwa kifuani asimamishwe kwa saruji ile ile ya miaka yote? Siku hiyo hiyo amri ikapigwa nyumbani kwa simu: nikirudi, nijikute nimesimama Uwanja wa Shukrani, wa barafu, mrefu kuliko farasi.

Hakuna aliyemwambia kwamba barafu na jua havipatani. Katika msafara wake, mwenye ulimi wa kusema hivyo alikuwa hana kazi, na mwenye kazi alikuwa hana ulimi.

*

Katika mtaa ulioitwa Mabomba Mapya, kwa sababu mabomba yake yalikuwa hayajawahi kutumika, aliishi mwanamke mmoja jina lake Siwema pamoja na mama yake, Bi. Kazija. Walikuwa wakaanga samaki. Bi. Kazija alikaanga tangu ujana wake mpaka harufu ikamwingia kwenye mifupa. Hata paka wasiomjua walimwamkia njiani. Sasa alikuwa amelala kitandani, miguu imevimba, pumzi inakuja kwa mafungu, na yeye mwenyewe alikuwa anajua safari imekaribia. Hakuogopa. Alikuwa na neno moja tu, na alilirudia asubuhi na jioni.

"Siwema, mwanangu. Nikifa mnioshe kwa maji. Msinisugue kwa mchanga kama sufuria."

"Mama, mbona unasema hivyo? Utapona."

"Sikukuuliza kama nitapona. Nimekwambia habari ya maji."

Bi. Kazija hakusema hivyo kwa kudeka. Tangu amri ya Mwamba ifike, maji yote ya mji yalikuwa yamegeuzwa njia. Kisima cha kulipia kilifungwa, magari ya maji yalikamatwa, na hata maji ya msikitini yalizuiwa kwa muda ili Mwamba apate mapaja. Maji hayo yalipelekwa kiwanda cha kugandisha samaki, kwa kuwa ndicho pekee chenye baridi nchini. Samaki wakatolewa nje waoze, watu wakaambiwa wawe na subira, na waliofariki mtaani wakaanza kuzikwa kwa kupanguswa mchanga. Mashekhe walisema inajuzu maji yakikosekana. Ila hawakusema kama inajuzu maji yakiwa yamesimama uwanjani yanapunga mkono.

Redioni alizungumza Waziri wa Baridi, Mheshimiwa Daktari Kombo Mbwembwe. Wizara yake ilikuwa na umri wa wiki moja, na tayari ilikuwa na magari.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo wanaouliza maji yamekwenda wapi. Maji hayajakwenda popote. Maji yamepandishwa cheo!"

*

Sanamu lilipomalizika, mji mzima uliamriwa kwenda kulishangaa. Siwema alikwenda na jirani yake Chausiku, mwanamke mnene mwenye mdomo, ambaye alimlea Siwema kwa vitumbua na umbea.

Kwa kweli lilikuwa kubwa. Mchongaji aliyepewa kazi alikuwa amezoea kuchonga twiga wa kuwauzia watalii, na mkono ukizoea umezoea: Mwamba alitoka na shingo ya kufika juu ya benki. Mheshimiwa Mbwembwe alieleza kwamba shingo ile ni ishara ya kuona mbali. Halafu kwenye paji la uso, katikati kabisa ya barafu, palikuwa na dagaa. Aliganda humo kiwandani, amekaza macho, mdomo umebaki wazi.

"Lile ni nini kichwani?" Chausiku alinong'ona.

"Dagaa," Siwema akajibu.

"Lile," alisema Mheshimiwa kwenye kipaza sauti, kama aliyewasikia, "ni wazo. Mwamba wetu ana wazo moja kubwa, na leo, kwa mara ya kwanza katika historia, wananchi mmebahatika kuliona!"

Watu wakalipigia wazo makofi. Paka wa soko la samaki walikuwa wamefika zamani, wameketi safu ya mbele, wanalitazama wazo bila kupepesa.

Jua lilipofika utosini, tone likatoka puani kwa Mwamba. Likafuata la pili. Mara kidevu kizima kikawa kinamwaga kama kona ya bati wakati wa masika.

"He! Anayeyuka!" alipiga kelele mwuza karanga mmoja.

Askari wawili wakaja wakamshika mabega. Mwuza karanga hakuonekana tena, na jamaa zake walipotaka kueleza jinsi alivyoondoka duniani hivi hivi, wakakosa neno, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa limepigwa marufuku jioni ile.

"Mwamba hafanyi hicho kitendo," Mheshimiwa alitangaza. "Mwamba hafanyi, hajafanya, na hatafanya. Mwamba anatoka jasho! Nyinyi mmelala, yeye anatoka jasho. Nyinyi mnakula, yeye anatoka jasho. Hata akiwa ng'ambo anatibiwa jino, hapa nyumbani jasho lake linawatiririkia! Ni nchi gani nyingine ina kiongozi anayefanya kazi hata akiwa hayupo?"

Na kweli, hakuna aliyeweza kuitaja.

*

Kuanzia siku hiyo lugha ya nchi ikarekebishwa. Sukari ikitiwa kwenye chai ilitoka jasho. Mshumaa ulitoka jasho, na samli kwenye kikaango. Mwalimu mmoja aliyeulizwa na wanafunzi chumvi inafanya nini ndani ya maji alisema atajibu muhula ujao. Maofisa wa Wizara ya Baridi, kwa kuwa walikuwa wakisimama karibu na mtu anayetoka jasho, wakapitishiwa posho iliyoitwa kifuta jasho, na hawakufuta kitu.

Siwema hakuyajali hayo. Yeye aliona jambo moja: maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye vidole vya Mwamba, yakapita kwenye jukwaa, yakaingia mtaroni pamoja na takataka, na mama yake alikuwa anapumua kwa mafungu madogo kuliko jana. Akachukua ndoo akaenda.

Pale alisimama Koplo Dachi, kijana mwenye bunduki kubwa kuliko mshahara wake.

"Shangazi, simama hapo. Hiyo nini?"

"Ndoo, mwanangu."

"Ya nini?"

"Ya maji."

Koplo akatazama kulia na kushoto, akashusha sauti. "Shangazi, usiniponze. Maji yako wapi hapa?"

Siwema akanyoosha kidole.

"Hilo ni jasho," alisema Koplo. "Ndoo ni chombo cha maji, hapa maji hakuna, kwa hiyo mwenye ndoo anatukana. Wenzako wamekwenda ndani kwa vikombe. Rudi nyumbani."

"Mama yangu anakufa."

"Pole sana. Afe bila ndoo."

Siwema akarudi. Alitembea taratibu, ndoo tupu inampiga gotini, na kila ikimpiga alisikia lile neno: jasho, jasho, jasho. Alipofika mlangoni alicheka peke yake, kicheko kifupi, mpaka Chausiku akatoka kuangalia kuna nini.

"Umeshikwa na jua?"

"Chausiku, mtu akitoka jasho anafanywaje?"

"Anaoga."

"Kama hawezi kuoga?"

"Anafutwa," alisema Chausiku. Halafu akamtazama, na taratibu uso wake mnene ukaanza kufunguka kama chapati inayoiva. "Wewe mtoto wewe!"

*

Kesho yake Siwema alikwenda uwanjani na doti ya kanga ya mama yake, kuukuu lakini nzito, yenye maandishi: SIKUACHI MPAKA UKAUKE. Bi. Kazija aliinunua zamani kumsuta mke mwenzake.

"Shangazi, umerudi?" alisema Koplo Dachi. "Na leo ndoo iko wapi?"

"Sina ndoo, mwanangu. Nimemwona Mwamba anatoka jasho siku nzima, na hakuna hata mtu mmoja wa kumfuta. Maofisa wamekaa kivulini. Mtu mzima yule, atoke jasho mpaka miguuni, sisi tunamtazama tu? Nimekuja kumfuta."

Koplo alitafuta kosa ndani ya maneno yale, akapindua na kupindua, hakuliona. Mtu wa kumkataza mwananchi asimfute jasho Mwamba ingebidi aeleze kwa nini.

"Mfute," alisema mwishowe. "Lakini kwa heshima."

Siwema akapanda, akamfuta Mwamba mkono wa kulia, ule ulionyooshwa kuwapungia wananchi. Akaufunika kwa kanga, akaibana kwa viganja, akaiacha inywe mpaka ikawa nzito kama mtoto aliyelala. Akaikunja, akajitwika kichwani, akaenda nyumbani huku baridi ikimshuka shingoni. Akaikamua kwenye pipa. Akarudi na ya pili.

"Huyu nani?" aliuliza Bi. Kazija kutoka kitandani, aliposikia maji yakilia pipani.

"Ni mkono wake, mama."

"Wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kulia. Wa kutupungia."

Bi. Kazija akafikiri, akavuta fungu la pumzi. "Huo ni wa kuniosha miguu."

"Na kichwa chake je, nikakifute?"

"Kichwa chake waachie wengine. Mimi nina changu."

*

Siku ya tatu kulikuwa na foleni. Mapenzi kwa Mwamba yalilipuka mjini kama moto wa makuti. Walikuja wanawake na kanga, wanaume na mashuka, mafundi cherehani na majora mazima. Chausiku alikuja na godoro la sponji kichwani.

"Na hilo?" aliuliza Koplo.

"Baba, mapenzi yangu makubwa. Kitambaa hakitoshi."

Kila mtu alifuta kwa heshima na kuondoka analowa. Mtaani watoto walionekana wana shingo safi, jambo lililowatisha mama zao mwanzoni. Wali ukapikwa, ukawa na harufu ya nguru bila kuwa na nguru, na watu wakasema si haba. Kwa mara ya kwanza tangu Mwamba ashike nchi, serikali ilikuwa imewafikishia maji, na kadiri yeye alivyopungua ndivyo wao walivyonufaika. Lakini hakuna aliyelisema hilo. Walisema tu, "Anajituma kweli kweli, leo ametoka jasho mpaka sikio limedondoka."

Viganja vya mji mzima vina joto. Ile shingo ya kuona mbali ilikatika Jumanne. Jumatano paji la uso likawa jembamba kama kioo, dagaa akachungulia nje, na paka mmoja mwekundu, ambaye alikuwa hajabanduka pale tangu siku ya kwanza, akaruka. Watu wakashuhudia paka akila wazo la taifa, kuanzia kichwani mpaka mkiani, kisha akalamba miguu.

Mheshimiwa Mbwembwe alifika mbio na gari tatu. Alipoona Mwamba anamfikia kiunoni, akageuka rangi. Kwanza akaamuru wapiga picha wote walale kifudifudi ili Mwamba aonekane mrefu. Pili akaamuru benki ya jirani ibomolewe ghorofa ya juu, ili isimdharau.

"Mheshimiwa," alisema Koplo Dachi, amekaza mgongo, "niwazuie hawa wanaofuta?"

"Uwazuie? Uwazuie wananchi wasimpende Mwamba? Amri hiyo aitoe nani?"

"Wewe, Mheshimiwa."

"Mimi?" Mheshimiwa alirudi hatua moja kama aliyeona nyoka. "Mimi nimesema wazuiwe? Mmemsikia mtu hapa akisema wazuiwe? Andaa tangazo: anayekuja kumfuta Mwamba jasho asizuiwe na mtu yeyote, mahali popote, kwa sababu yoyote!"

Tangazo likasomwa redioni asubuhi, mchana na jioni.

*

Bi. Kazija alifariki asubuhi, jua likiwa bado la upole, akiwa amemshika Siwema kidole. Pipa lilikuwa limejaa. Wanawake wa mtaa walikuja wakamwosha kwa maji, tangu utosi mpaka kucha, maji baridi ya kutosha, na waosha walimwaga bila kubana mkono. Nyumba ikanuka samaki. Hakuna aliyeona vibaya. Mtu hatakiwi kutoka duniani na harufu ya mgeni. Miguu yake iliyovimba ilioshwa kwa mkono wa kulia wa Mwamba, kama alivyoagiza.

"Basi, amekuwa na faida," alisema Chausiku, akikunja mkeka.

Hawakupewa nafasi ya kukaa matanga. Adhuhuri ile ile magari yenye vipaza sauti yalipita yakitangaza kwamba Mwamba ametua, sanamu litafunuliwa, na kuhudhuria ni hiari, na asiyehudhuria atafuatwa nyumbani aulizwe kuhusu hiari yake. Siwema akajitanda kanga ya mama yake, bado mbichi, akaenda akiwa na macho mekundu.

Mwamba alikuja amevaa koti la manyoya. Alilinunua kule kwenye baridi, lilikuwa la gharama, na hakuona sababu ya kulivua kwa ajili ya hali ya hewa. Jino lake lilikuwa la dhahabu. Akapanda jukwaani karibu na pazia refu jekundu, akakohoa, na Mheshimiwa Mbwembwe akavuta kamba.

Pazia likaanguka. Kwenye jukwaa palikuwa na unyevu kidogo, na juu ya unyevu yule paka mwekundu amelala kwa kupata ubaridi.

Uwanja ukanyamaza mpaka ukasikika mkoromo wa paka.

"Mimi niko wapi?" aliuliza Mwamba.

Kwa sifa yake, Mheshimiwa Mbwembwe hakunyamaza hata pumzi moja.

"Mtukufu Mwamba, unachokiona mbele yako ndicho kilele cha sanaa! Wenzetu wa ng'ambo wanatengeneza barafu unayoweza kuiona. Sisi tumepita hapo. Huu, Mtukufu, ndio uwazi! Uwazi wa serikali yako, ambao dunia nzima inautafuta! Unatazama, huoni kitu. Unachunguza, hupati kitu. Uwazi mtupu!"

Akapiga makofi. Hakuna aliyemfuata. Mwamba akamtazama, akatazama jukwaa, akatazama watu. Kuna kitu kiliwageuza hata asiwatambue mara moja. Walikuwa wamekoga. Mji mzima ulikuwa umesimama mbele yake na nyuso zinazong'aa, nywele zimesukwa, nguo nyeupe nyeupe, na yeye aliyewaacha wakiwa wa rangi ya vumbi hakupenda alivyoonekana katikati yao.

Jua lilikuwa utosini. Ndani ya koti la manyoya mambo yalianza. Tone likamtoka Mwamba puani, likaning'inia, likaanguka juu ya nishani. Likafuata la pili. Mara kidevu kizima kikawa kinamwaga.

"Jamani," Siwema akasema. Hakupaza sauti, alisema kama mtu anayemwambia jirani kwamba chungu chake kinaungua. "Mwamba anatoka jasho."

Akaivua kanga begani, akaikung'uta, akaikunjua. Pembeni yake Chausiku akatoa shuka. Nyuma yao zikasikika nguo zikikunjuliwa, moja, kumi, uwanja mzima, sauti kama kundi la njiwa likiruka. Watu wakapanga foleni kwa heshima, kama walivyozoea, na foleni ikaanza kusogea.

"Koplo!" Mwamba aliita.

Koplo Dachi alikaza mgongo. Tangazo alilijua kwa moyo: asizuiwe na mtu yeyote, mahali popote, kwa sababu yoyote. Akajitoa njiani, akapiga saluti.

"Wanataka nini hawa?" Mwamba alimwuliza waziri wake.

"Wanakupenda, Mtukufu."

"Na yule wa mbele, mwenye macho mekundu. Ile kanga yake imeandikwa nini? Sina miwani."

Mheshimiwa Mbwembwe akaisoma kimoyomoyo. Akairudia tena, polepole, neno kwa neno. Kisha akachomoa leso yake mfukoni, akashuka jukwaani, akaenda kupanga foleni.